Je, Japani Ingepigana? Tuulize Karungu na Kisii

Wapenzi wa historia wana mchezo wao wa "lau". Lau Wajapani wangekataa katakata kuwafungulia wageni bandari zao, wakashika panga badala ya kalamu, ingekuwaje? Wako wanaosema wangesagwa. Wako wanaosema wangeheshimiwa. Sisi hatuna haja ya kupiga ramli. Biashara ya kuletewa kwa mtutu wa bunduki ilifika hapa kwetu pia, na katika nchi ambayo leo ni kaunti za Migori na Homa Bay, pamoja na jirani yao Kisii, watu waliijibu kwa njia mbalimbali.

Tuanze na Japani. Mreno, ambaye Mombasa ilimtoa Ngomeni mwaka 1698, Wajapani walikwisha mfukuza tangu 1639. Baada ya hapo, miongoni mwa Wazungu, Mdachi peke yake ndiye aliyeruhusiwa kutia nanga, tena Nagasaki tu. Wamarekani waliitamani nchi hiyo mapema. Edmund Roberts, yule aliyefunga mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833, alitumwa pia Japani, lakini mauti yalimkuta Macau mwaka 1836 kabla hajafika.

Seyyid Said alifungua mlango kwa hiari, kwa ushuru wa asilimia tano. Japani haikuulizwa hiari yake. Julai 1853 Matthew Perry alitokea Uraga na manowari nne, akatoa barua, akasema atarudi kuchukua jibu. Mwaka 1854 alirudi na manowari nyingi zaidi, na mkataba ukatiwa sahihi. Ile ya biashara ya 1858 ilikuwa michungu zaidi: Japani ilipoteza uwezo wa kupanga ushuru wake na wa kuwahukumu wageni waliokosa ndani ya nchi yake.

Si kweli kwamba Wajapani hawakupigana. Mwaka 1862 watu wa Satsuma walimuua mfanyabiashara Mwingereza karibu na Yokohama. Mwaka uliofuata Waingereza wakaupiga mizinga mji wa Kagoshima. Watu wa Choshu nao walizipiga meli za kigeni katika mlango wa bahari wa Shimonoseki, na mwaka 1864 manowari za mataifa manne zikaja kuzinyamazisha ngome zao. Kwa hiyo sehemu ya ile "lau" ilitendeka, na waliopigana walishindwa.

KANDO YA ZIWA

Sasa twende Nyanza. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu Desemba 1901. Meli za moshi zikaanza kupita Ziwani, na mwaka 1903 Waingereza wakaweka kituo Karungu, mji mdogo wa pwani ya ziwa ulio Migori ya leo. Hapo hapakuhitajika manowari nne. Ilitosha kodi ya kibanda. Kodi ilidaiwa kwa rupia, na asiyekuwa na rupia ilimbidi auze ngozi, ufuta au nguvu za mikono yake. Soko lilifunguliwa kwa njia hiyo.

Wazee wa Kijaluo husimulia kwamba waaguzi wao walitangulia kuwaonya: wageni wekundu watakuja, msipigane nao, silaha zao huua kwa mbali. Upande wa kusini wa ghuba, katika nchi ya Gor Mahia, mkuu na mganga mashuhuri wa Kanyamwa, watu wengi waliinamisha vichwa upepo upite.

Wakisii hawakuinama. Mwaka 1905 waliikabili bunduki ya rashasha kwa mikuki, wakafa kwa mamia. Mwaka 1907 Geoffry Northcote alitoka Karungu kwenda kufungua kituo cha Kisii. Januari 1908 kijana Otenyo, kwa kuchochewa na mama Moraa, alimchoma mkuki. Northcote alipona. Otenyo aliuawa, nyumba zikachomwa moto, ng'ombe wakaswagwa. Hata Winston Churchill, aliyekuwa ofisi ya makoloni London, alihoji mauaji hayo.

Northcote huyo huyo akaja kuwa Gavana wa Hong Kong, bandari ambayo Uingereza iliinyang'anya China katika vita vya kasumba. Alikuwa huko tangu 1937 hadi Septemba 1941, na miezi mitatu baada ya kuondoka kwake majeshi ya Japani yakaivamia.

Tena kukawa na jibu la tatu. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alisema Mumbo, nyoka wa Ziwani, amemmeza na kumtema, akampa ujumbe: Wazungu wataondoka, mavazi yao na dini yao vitupwe. Imani hiyo ilienea hadi Nyanza ya Kusini na Kisii. Serikali iliisaka, na baadhi ya viongozi wake waliletwa uhamishoni Lamu.

MWENYE KUSHIKA FORODHA

Tupime. Aliyeinama alitozwa kodi, na aliyepigana alitozwa kodi. Wote wawili walitawaliwa. Mbona Japani haikutawaliwa? Si kwa sababu iliinama vizuri, wala si kwa sababu ilipigana vizuri. Ilikuwa na watu mamilioni na dola moja, na ilikabiliwa mapema, kabla rashasha haijazaliwa. Satsuma na Choshu walipokwisha kupigwa walinunua silaha za hao hao wageni, na mwaka 1868 wakaushika utawala wao wenyewe. Mkisii wa 1905 alikuwa na koo zake, kila moja na wazee wake, na hakupewa nafasi ya kujipanga upya.

Basi swali la "lau wangepigana" limepinda. Swali ni nani alibaki na forodha mlango ulipokwisha kufunguka. Abushiri bin Salim aliliona hilo Pangani mwaka 1888, kampuni ya Kijerumani ilipokuja kushika forodha ya Mrima, naye akanyongwa mwaka uliofuata. Japani ilirudishiwa uwezo wa kupanga ushuru wake wote mwaka 1911, mwaka ambao Karungu ilikuwa ikihesabiwa vibanda.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni akishika yeye funguo za ghala, mwenyeji atapona kwa lipi?