Kabla Hujalimaliza Boom Lako kwa Kinanda

Mwaka jana nilipanda basi kwenda Dar es Salaam kufanya mtihani wa piano. Nilikuwa nimefanya mazoezi miezi minane kwenye kinanda cha kwaya yetu hapa Nyakato, na vipande vyote vitatu nilivipiga hata nikiwa nimefumba macho. Nikakaa mbele ya piano halisi, ile ya mbao na nyuzi, kwa mara ya kwanza maishani. Kipande cha kwanza kinaanza kwa sauti ya chini sana. Nikabonyeza taratibu. Kimya. Nikabonyeza tena kwa nguvu, ikalia mpaka msimamizi akashtuka. Kufika kipande cha pili mkono wa kushoto ulikuwa umechoka kama nimetoka kusukuma mkokoteni. Nilifeli.

Ada ya mtihani, nauli kwenda na kurudi, vyote vilitoka kwenye boom. Naandika haya kwa sababu kila boom likiingia, kuna mwana mmoja au wawili wananiuliza wanunue kinanda gani, na wengi wanataka kinachofanana na piano bila kujua kufanana huko kuko wapi.

Ndani ya piano kuna nini

Kibonyezo cha piano ni kama bembea ya watoto. Unakishusha upande wako, upande wa pili unanyanyuka na kurusha nyundo ndogo ya mbao iliyovikwa kitambaa kizito. Nyundo inapiga waya na kurudi hapohapo ili waya uendelee kulia. Fundi Bartolomeo Cristofori wa Italia ndiye aliyeubuni mfumo huo, karibu na mwaka 1700.

Mambo matatu yanatokana na hiyo nyundo. Kwanza, kuna uzito: kukishusha kibonyezo kunahitaji kama gramu 50, karibu na uzito wa yai la kuku. Pili, uzito hauko sawa. Kushoto, kwenye sauti nzito, nyundo ni kubwa zaidi. Ukienda kulia zinapungua. Tatu, sauti inategemea kasi ya nyundo. Ukibonyeza taratibu mno, nyundo haifiki kwenye waya na husikii kitu. Hapo ndipo nilipokwama.

Kinanda cha kawaida hakina nyundo. Chini ya kibonyezo kuna springi au mpira unaokirudisha juu, na vigusio vya umeme vinavyosema "kimebonyezwa". Vinanda vya bei ya chini kabisa vinaishia hapo: ubembeleze au ugonge, sauti ni ileile. Vyenye nafuu, kama Yamaha PSR-E373, vinapima kasi ya kidole. Vina vigusio viwili vinavyoguswa kimoja baada ya kingine, na muda unaopita katikati yake ndio unaoamua ukubwa wa sauti. Hiyo ni hatua nzuri, lakini kibonyezo kinabaki chepesi.

Piano za umeme zinaongeza nyundo ndogo ndani. Hazipigi waya wowote. Kazi yake ni kukupa uzito tu. Yamaha P-45, Roland FP-10 na Casio CDP-S100 ziko kundi hili, zote zina vibonyezo 88, na sauti nzito zina uzito zaidi kuliko nyembamba. FP-10 ina kigusio cha tatu, kwa hiyo unaweza kurudia noti haraka kabla kibonyezo hakijapanda juu kabisa.

Kwa nini wengi wetu hatukujua

Sisi wa kwaya tumekulia kwenye sauti ya ogani. Ogani haijali nguvu ya kidole: ukibonyeza mlango wa hewa unafunguka, ukiachia unafungwa. Mtu anaweza kupiga kinanda kanisani miaka kumi, akasifiwa parokia nzima, na asione kwamba kinanda chake hakitofautishi kidole kizito na chepesi. Wala hajakosea, kwa sababu muziki anaopiga haumdai hilo.

Niliporudi kutoka Dar nikamwambia mwalimu wetu wa kwaya kwamba kinanda cha kanisani kimeniangusha. Akacheka. "Mdogo wangu, kinanda hakina kosa. Wewe ulikuwa unataka kupigia wapi?"

Swali hilo ndilo naliweka mbele yako. Kama unapigia kwaya, harusi na send-off, unahitaji midundo, unahitaji kubadili sauti haraka, na unahitaji kitu cha kubeba kwenye daladala ya jioni. PSR-E373 ina vibonyezo 61 na uzito wa kilo 4.6, na umeme ukikatika katikati ya misa inaendelea kwa betri sita ndogo. P-45 ni kilo 11.5, haitumii betri, na haina midundo ya kwaya. Ukiinunua kwa sababu tu umesikia ni "piano kabisa", utaijutia Jumapili ya kwanza.

Lakini kama lengo lako ni mtihani wa piano, au kusoma muziki chuoni, au kupiga piano yenyewe, usijidanganye na chepesi. Vidole vinajifunza uzito kama miguu inavyojifunza mlima. Kama umeme wa mtaani kwenu haueleweki, CDP-S100 ina nyundo na inakubali betri pia. Yamaha NP-32, yenye vibonyezo 76, inabebeka kirahisi kwa kilo 5.7, ila haina nyundo. Ichukue ukijua hivyo.

Ukifika dukani

Usianze kwa kukiwasha. Kikiwa kimezimwa, bonyeza cha mwisho kushoto, kisha cha mwisho kulia. Kama vyote vinateleza sawasawa na kuruka juu kama springi, hakuna nyundo humo, hata muuzaji aapeje. Bonyeza pia ndani kabisa, karibu na mwisho wa kibonyezo; kama kinakuwa kigumu kupita kiasi, ukipiga vibonyezo vyeusi utapata taabu.

Sasa kiwashe. Bonyeza noti moja taratibu mpaka isitoe sauti, kisha ongeza kidogo kidogo. Unatafuta ngazi nyingi kati ya kimya na kelele. Kinachokupa mbili tu, ndogo na kubwa, kiache. Rudia noti moja haraka kwa vidole viwili ukisikiliza kama kuna inayomezwa. Halafu piga kipande unachokijua kwa dakika kumi nzima, muuzaji akikuharakisha mwambie unatoa hela, si yeye.

Kwa mtumba, pitia vibonyezo vyote kimoja kimoja, na soma maandishi ya adapta. Vilivyotumika Japani au Marekani vinaweza kuja na adapta ya volti 100 au 120 tu. Umeme wetu ni 230. Adapta iwe imeandikwa mpaka 240, la sivyo siku ya kwanza utanusa moshi.

Mimi nilikusanya kwa mihula miwili nikapata piano ya umeme ya mtumba. Haitoki geto. Nimeifunika kanga kuzuia vumbi la barabarani, na usiku napiga kwa hedifoni ili majirani walale. Wiki mbili za kwanza mkono wa kushoto uliuma uleule ulioniangusha Dar. Wiki ya tatu ukatulia. Jumapili bado napiga kinanda chepesi cha kwaya, na mtihani nimejiandikisha upya. Nauli naiweka pembeni kidogo kidogo.