Mgeni wa Vuli

Mvua za vuli zikinyesha Kihurio, nyika ya Mkomazi huvaa majani mabichi. Ndipo asubuhi moja, baada ya usiku wa ukungu, vichaka vilivyokuwa kimya jana huonekana vimejaa ndege wadogo wa rangi ya udongo. Watoto wengine huwatega kwa ulimbo, maana wamechoka. Lakini kwanza tujue ni wageni gani hawa.

Mmoja wao wataalamu humwita kwa Kilatini Acrocephalus palustris, maana yake, wa mabwawani. Uzito wake ni gramu 12 hivi. Ukiweka ndege themanini katika mizani, hawatimizi kilo moja. Huzaliwa Ulaya. Baridi ikikaribia, wadudu anaowala hupungua. Basi hula hata akanona, kisha huondoka. Mafuta ya mwili ndiyo chakula chake cha njiani, naye husafiri usiku. Hupita Arabuni na Uhabeshi, kisha kwetu, hata afike kusini mwa Afrika.

Tumejuaje? Ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Kenya, pana mahali paitwapo Ngulia, katika hifadhi ya Tsavo ya Magharibi inayopakana na Mkomazi. Tangu mwaka 1969 wataalamu huwanasa hapo kwa nyavu laini, huwavika mguuni pete ndogo yenye namba, kisha huwaachilia. Baadhi ya ndege wenye pete hizo wamepatikana tena Arabuni na Ulaya.

La ajabu zaidi ni wimbo wake. Bibi Françoise Dowsett-Lemaire aliwasikiliza ndege hawa Ubelgiji, na mwaka 1979 akaeleza kwamba kila dume huiga sauti za ndege wa aina 76 hivi, na zaidi ya nusu ni ndege wa Afrika. Kinda hafundishwi na babaye. Hujifunza kwa ndege anaowasikia katika mwaka wake wa kwanza, njiani na ugenini.

Basi, akitua kichakani pako, usimtege. Kaa kimya umtazame: mgongo wa udongo, tumbo jeupe lenye umanjano kidogo. Pengine naye anawasikiliza ndege wetu. Mwezi wa Juni, mtoto wa Ulaya asiyeijua milima ya Upare huenda akasikia kwake sauti ya ndege wa nyika yetu. Ukimwua leo, sauti hiyo haitafika.