Itambue Injini ya Pikapu Kuukuu Kabla ya Kulipa

Miongoni mwa pikapu zinazobeba ndizi na mihogo kutoka mashamba ya Unguja hadi sokoni Mwanakwerekwe, zimo zilizoundwa miaka ya 1980 na 1990. Katika umri huo si ajabu gari kuwa limekwisha kubadilishwa injini. Iliyomo leo huenda siyo iliyotoka nayo kiwandani, wala siyo iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Mnunuzi asiyelichunguza hilo huweza kulipia injini kubwa akapewa ndogo, au akanunua vipuri visivyoingia.

Chesisi hueleza nini?

Tuchukue mfano wa Toyota Hilux, iliyoanza kuundwa mwaka 1968. Kwa pikapu za zamani za aina hii, herufi za modeli, zilizomo katika nambari ya chesisi na kwenye bati la utambulisho chini ya boneti, hubainisha ukoo wa injini. RN ni ukoo wa R na YN ni ukoo wa Y, zote za petroli. LN ni ukoo wa L, wa dizeli. Pikapu yenye herufi LN ikikutwa na kabureta na nyaya za plagi, ni dhahiri kwamba injini yake imebadilishwa.

Hata hivyo, kuujua ukoo hakutoshi. Injini ya 2L ina ujazo wa sentimita za ujazo 2446, na silinda zake zina kipenyo cha milimita 92. Ya 3L ina ujazo wa 2779 na kipenyo cha milimita 96; ya 5L ina 2986 na milimita 99.5. Kwa macho zinashabihiana sana, lakini pistoni ya moja haiingii katika nyingine.

Ujazo pekee nao hauamui kila mara. Land Rover Series III za silinda 4, ya petroli na ya dizeli, zote zilikuwa na ujazo wa 2286. Ushahidi wa kutegemewa ni nambari iliyogongwa kwenye bloku ya injini yenyewe.

Hatua za kufuata

1. Likague gari mchana, injini ikiwa imepoa. Injini ya dizeli ina pampu yenye mabomba membamba ya chuma yanayokwenda kwenye nozeli. Ya petroli ina plagi na nyaya zake.

2. Itafute nambari kwenye bloku. Usiridhike na maandishi ya mfuniko wa juu wala ya ubavuni mwa gari, kwani hayo huhamishika. Kwa injini nyingi za Toyota, nambari huanza na jina la injini, kwa mfano 3L, kisha hufuata tarakimu.

3. Grisi na kutu, ambayo hewa ya chumvi ya pwani huizidisha, zisafishwe kwa tambara na mafuta ya taa. Tupa na msasa visitumike: nambari iliyokwanguliwa hutiliwa shaka, hata kama mwenye gari hana hatia.

4. Linganisha nambari hiyo na kadi ya gari. Ipige picha, kisha iandikwe katika mkataba wa mauziano pamoja na nambari ya chesisi.

Nambari zikitofautiana

Tofauti peke yake si uthibitisho wa wizi; huenda mmiliki aliweka injini nyingine na hakuirekodi. Mtake muuzaji akuoneshe risiti ya injini hiyo na arekebishe kumbukumbu katika ofisi ya usajili wa vyombo vya moto kabla hujalipa. Ukilipa kwanza, usumbufu huo utakuwa wako. Nambari ikiwa imefutwa au imegongwa upya, usinunue.

Baada ya kununua, nenda dukani na nambari ya injini, na ikiwezekana kipuri cha zamani kiwe sampuli. Jina la gari peke yake halimwelezi mwenye duka ni gasketi ipi akupe. Dai risiti inayotaja aina ya injini, ili uwe na ushahidi endapo utauziwa kisicholingana na ulichoagiza na kulazimika kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar.