Ukimshikilia kibarua hela, atakuchumia kahawa mbichi

Vijana wenzangu, msimu wa kahawa ukichanganya huku Bukoba na Muleba, simu ninazopokea ni za "afisa, vibarua nitawapata wapi?" Wakishapatikana naambiwa jingine: "Nimewashikilia hela mpaka niuze, wasinikimbie."

Hapo tuongee. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kazi ya kulazimishwa, na inataka ujira ulipwe siku mliyokubaliana. Mtu anayetaka kuondoka lakini anabaki kwa sababu hela yake umeikalia, huyo unamlazimisha, hata kama hujamshikia fimbo. Nchi hii inajua mavuno ya lazima. Mwaka 1902 Wajerumani waliamuru mashamba ya pamba vijijini, malipo kiduchu, mashamba ya chakula yakabaki yanasubiri. Mwaka 1905 Wamatumbi wakaanza kuing'oa hiyo pamba, na vita vya Maji Maji vikawaka.

Sasa turudi kibanjani. Robusta haiivi kwa mkupuo. Tawi moja lina nyekundu, manjano na kijani, kwa hiyo unapaswa kurudia mti uleule mara kadhaa. Kibarua mwenye hasira, au anayelipwa kwa debe bila masharti, hana muda huo. Anavuta tawi zima: mbichi, majani, mpaka vijicho vya msimu ujao. Mimi mwenyewe yalinikuta. Niliwaambia vibarua "subirini kidogo", nikaja kuanika maganda mepesi, nusu yake meusi, na bei nikaipokea nimeinamisha kichwa.

Lipa kwa debe, sawa, ila mwageni kwanza kwenye turubai mchambue pamoja, ndipo mpime nyekundu tu. Hela mpe jioni ileile. Ukitaka arudi raundi ya pili, mwahidi nyongeza kidogo mwisho wa msimu, na uitoe kweli.

Najua utaniuliza hela itoke wapi kabla ya kuuza. Ndiyo shida yenyewe, na ndiyo inayowasukuma wengine kwenye butura, kahawa inauzwa ikiwa bado maua. Anza kuweka akiba ya vibarua kwenye kikundi chenu mapema. Hela ikiwa ndogo, ita vibarua wawili badala ya sita, muanze na miti iliyotangulia kuiva. Au mchumiane kwa zamu na majirani. Watoto waacheni shuleni. Aliye chini ya miaka 14 sheria hairuhusu kumwajiri.