Upepo Usioburudisha
Habari za wapanda pikipiki katika joto kali

Siku ya Jumamosi, tarehe 6 Julai 2024, watu sita walikuwa wakisafiri pamoja kwa pikipiki huko California, katika nchi ya Marekani. Wakapita katika bonde liitwalo Death Valley, yaani Bonde la Mauti. Walipokuwa katika sehemu za Badwater, kipimo cha joto kilikuwa kimefika digrii 53 za Sentigredi. Mmoja wao akafa kwa joto. Wa pili akapelekwa hospitali katika mji wa Las Vegas, hali yake mbaya sana. Wanne waliosalia wakatibiwa pale pale, kisha wakaruhusiwa kwenda zao. Helikopta ya wagonjwa haikuweza kuja, kwa sababu hewa ikipata joto hutanuka na kuwa nyepesi, na mapanga yale yazungukayo juu hayapati cha kukamata. Joto likipita digrii 49, kwa kawaida marubani hawathubutu kuruka.

Habari hii iliponifikia nalijiuliza swali moja, na labda wewe nawe umekwisha kujiuliza. Mtu aliyepanda pikipiki hapungukiwi na upepo. Wampiga usoni, wamwingia mikononi, wampepea kifuani tangu aondokapo hata afikapo. Basi imekuwaje mtu mwenye upepo mwingi namna ile afe kwa joto?

Jibu lake lawahusu vijana wengi wa Afrika ya Mashariki, kwa sababu nitakazozieleza mbele. Kwanza yatupasa kulijua lile bonde lenyewe.

Msomaji wa Zaburi atashtuka kwa jina lake, lakini halikutoka katika Zaburi. Lilitolewa na watu waliokuwa wakiitafuta dhahabu, waliopotea humo wakati wa baridi ya mwaka 1849 kuingia 1850. Badwater ni mahali palipo chini ya usawa wa bahari kwa mita 86, na pande zote mbili imesimama milima mirefu. Mawingu ya bahari huishiwa na mvua yakiwa bado juu ya milima ya magharibi, hata mvua ya mwaka mzima bondeni haizidi sana kina cha vidole vitatu. Hakuna miti ya kutia kivuli. Jua hupiga juu ya mawe na chumvi. Hewa iliyopata joto hupanda, hugonga kuta za milima, hurudi chini tena, na kila ishukapo hukandamizwa, ikazidi kupata joto. Tarehe 10 Julai 1913 palipimwa digrii 56.7 katika bonde hilo, na mpaka leo hicho ndicho kipimo kikubwa kupita vyote kinachokubaliwa na wapimaji wa hali ya hewa duniani, ingawa wako wataalamu wanaokitilia shaka. Nao mwezi wa Julai 2024, mwezi ule ule wa msiba, ulikuwa wa moto kuliko mwezi wowote uliopata kuandikwa humo.

Sasa turudi kwa upepo. Huku kwetu kijana wa bodaboda akisikia joto hufungua vifungo vya shati, akaongeza mwendo, akapoa. Hakosei. Katika Dar es Salaam ni mara chache joto la hewa kupita digrii 35. Na ngozi ya mwanadamu ina digrii 34 au 35. Hewa ikiwa ya baridi kuliko ngozi, kila pumzi ya upepo huondoka na joto kidogo la mwili, kama vile mama apulizapo uji wa mtoto. Lakini hewa ikiwa ya moto kuliko ngozi, kazi hiyo hugeuka kinyume. Upepo hauchukui tena, bali waleta. Aliyepata kufungua mlango wa tanuri ya mikate akapigwa usoni na hewa ya ndani aelewa neno hili bila kufundishwa. Mpanda pikipiki katika digrii 45 au 50, akienda kilomita 100 kwa saa, ni kama mtu asimamaye mbele ya tanuri ile, na mlango haufungwi. Kadiri azidishavyo mwendo, ndivyo azidivyo kuokwa.

Basi kijana aliyejifunza Tanga au Mombasa kwamba shati wazi na mwendo wa kasi ni dawa ya joto, amejifunza jambo lililo kweli kwao tu. Akilichukua jambo hilo mpaka jangwani, litamdhuru.

Hata hivyo Muumba hakumwacha mtu bila njia. Iko njia ya pili ya kupoa, nayo ni jasho. Tazama mtungi wa udongo penye kivuli. Maji hupenya kidogo kidogo, yakatokea nje na kukauka, na yakaukapo huchukua joto la mtungi. Ndiyo maana maji yake ni matamu kinywani kuliko ya ndoo. Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi kwa chupa mbili za maji zilizo sawa: moja aivike kitambaa kilicholoweshwa, nyingine aiache tupu, akaziweka zote mbili kivulini penye upepo. Baada ya nusu saa kila mtoto azishike kwa mkono wake. Mwili wetu ni mtungi wa namna hiyo. Lita 1 ya jasho, ikikauka yote juu ya ngozi, huondoa joto la kutosha kuchemsha lita 7 za maji yaliyotoka mtungini. Jasho lidondokalo chini halifai kitu. Lile likaukalo ndilo lipozalo.

Hapo ndipo hatari ya pikipiki ilipojificha. Katika jangwa kavu upepo wa mwendo hukausha jasho upesi mno, hata mwenyewe hajui kama anatoka jasho. Shati lake ni kavu, paji la uso ni kavu, husema moyoni, Leo sikutoka jasho hata kidogo. Kumbe amekwisha kupoteza lita nzima au zaidi katika saa moja, na alama yake ni ukungu mweupe wa chumvi uliobaki kwenye nguo. Mkulima ashikaye jembe huonywa na jasho lake mwenyewe limwagikalo machoni, akaenda kutafuta maji. Mpanda pikipiki haonywi.

Kwa hiyo wazoefu wa safari ndefu hufanya jambo ambalo mgeni hulicheka: katika joto kuu hujifunika. Huko Marekani kiko chama kiitwacho Iron Butt Association, ambacho watu wake hujipima kwa kwenda maili 1,000, ndizo kilomita 1,600, katika saa 24. Wazoefu wa namna hiyo hufundishana kwamba hewa ikiisha kupita joto la ngozi, shati la ndani hutiwa maji mpaka litiririke, juu yake huvaliwa koti la mikono mirefu, na tundu za koti hufunguliwa kidogo tu, ili upepo upite polepole na unyevu ukae karibu na mwili muda mrefu. Shingoni hufungwa kitambaa cha maji. Kioo cha kofia hushushwa. Waarabu wa jangwani walijua zamani sana kwamba jua kali na upepo wa moto hukingwa kwa nguo, wala si kwa kuvua nguo, nasi tuliwaona wakipita wamejitanda nguo pana tukadhani ni desturi tu.

Lakini haifai kulisema neno hili nusu. Baada ya kifo kile cha Badwater, msimamizi wa hifadhi ya Death Valley alieleza kwamba mpanda pikipiki katika joto kama lile hawezi kupoa kwa upepo, na zaidi ya hayo huelemewa na mavazi mazito yanayomkinga asiumie aangukapo. Je, wanapingana, yeye na wale wazoefu? Mimi naona hawapingani. Koti juu ya shati lililoloweshwa, mtu akiwa katika mwendo na maji yake yakiwamo, ni kinga. Koti lile lile juu ya shati lililokauka, mtu amesimama, mashine inatoa joto kati ya magoti na lami inatoa joto chini ya miguu, ni blanketi. Tofauti yao ni maji. Tena kuna joto ambalo maji nayo hayatoshi. Na mtu mwenye hiari, asiyelazimishwa na kazi wala na mgonjwa, sioni kwa nini aipeleke roho yake katika digrii 53 saa za mchana. Avuke bonde kabla ya mapambazuko, au azunguke mbali.

Katika habari ya kunywa, kiu ni mjumbe achelewaye. Wazoefu hunywa kidogo kidogo njiani, kwa mpira mdogo utokao katika mfuko wa maji wa mgongoni, bila kungoja kituo. Tena si maji matupu siku nzima, kwa maana jasho huondoka na chumvi, na mtu akijaza maji mengi pasipo chumvi aweza kuugua kwa namna nyingine, naye kichwa kikamwuma na akili ikamtoka. Dawa ile tuwapayo watoto waharao yafaa hapa pia: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vilivyo sawasawa vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kila nyumba yaweza kuitengeneza.

Ugonjwa wenyewe huanza kwa unyonge: misuli hukaza, kichwa huuma, kichefuchefu huja. Mtu akipumzishwa kivulini na kunyweshwa, hupona. Lakini joto la ndani likipita digrii 40, akili huharibika, na hiyo ndiyo hatari kuu, kwa kuwa akili iliyoharibika haijijui. Atasema, Mimi sina neno, twendeni, na huku maneno yake hayafuatani na pikipiki yayumba. Mwenzake ndiye apaswaye kumsimamisha, hata kwa nguvu. Mgonjwa wa namna hii avuliwe koti na kofia, amwagiwe maji mwili mzima, apepewe bila kukoma, awekwe barafu makwapani na shingoni kama ipo. Akiweza kuzamishwa katika maji ya baridi mpaka shingoni, kichwa chake kikishikwa, ni bora kuliko yote. Daktari aitwe, lakini kupoza kusimngoje daktari. Aliyepotewa na fahamu asinyweshwe kitu.

Mtasema, Death Valley ni mbali, nani kwetu atakwenda huko kwa pikipiki? Basi nitataja miji iliyo karibu: Dubai, Doha, Kuwait. Vijana wa Kenya na Uganda na wengine wa nchi zetu wamekwenda huko kupata riziki kwa kupanda pikipiki, wakipeleka chakula nyumba kwa nyumba. Huko Mitribah katika nchi ya Kuwait, tarehe 21 Julai 2016, palipimwa digrii 53.9. Na mwenye fedha, aonapo jua ni kali, hatoki nje. Huagiza chakula kiletwe mlangoni. Hivyo joto lenyewe ndilo limwongezealo kijana kazi, tena saa ya adhuhuri.

Pwani ya Ghuba ina ubaya mwingine ambao Death Valley haina, nao ni unyevu. Mtungi hauwezi kupoza maji siku ya mvuke mzito, kwa maana hewa iliyokwisha kushiba maji haipokei mengine. Huko Dhahran, katika nchi ya Saudi, tarehe 8 Julai 2003, hewa ilikuwa na digrii 42, na mvuke ulikuwa mwingi hata kitu chenye digrii 35 kingeshika umande. Pimeni neno hilo: ngozi ya mtu ina digrii 35. Jasho lake lisingekauka. Hewa ingemwongezea maji juu ya maji. Siku ya namna hiyo shati la maji halisaidii, wala koti, wala mwendo. Panasalia kivuli na hewa iliyopozwa kwa mashine, na kuacha kazi.

Wakuu wa nchi hizo hawakulala. Katika Falme za Kiarabu sheria yakataza kazi za juani toka saa 6 na nusu mchana hata saa 9, kuanzia tarehe 15 Juni mpaka 15 Septemba, na huko Dubai vimejengwa vyumba vya hewa baridi ambamo wapanda pikipiki waweza kupumzika. Huko Kuwait, katika Juni hata Agosti ya mwaka 2025, pikipiki za kupeleka bidhaa zilikatazwa kabisa barabarani toka saa 5 mchana hata saa 10. Lakini wengi wa vijana hawa hulipwa kwa kila safari, na mtu alipwaye kwa safari hupumzika kwa kuhesabu hasara. Mzazi aandikaye barua kumwuliza mwanawe kama fedha zimepatikana, na amwulize pia hufanya nini saa 7 mchana, na maji yake huyabeba wapi.

Liko jambo jingine ambalo wachache hulijua. Mwili hujifunza joto. Mgeni akifanya kazi kidogo kidogo katika joto, akiongeza saa kila siku, baada ya siku 7 hata 14 mwili wake huanza kutoa jasho mapema zaidi na kuizuia chumvi isipotee. Siku za kwanza ndizo zenye hatari kubwa, nazo ndizo ambazo kijana hutaka kujionyesha hodari mbele ya mkubwa wake. Na mafundisho hayo ya mwili hayadumu. Aliyekuja likizo kwao Arusha au Kampala akakaa majuma manne katika hewa ya baridi, akirudi Doha mwezi wa Julai, ni mgeni tena kama siku aliyoshuka katika ndege mara ya kwanza.