Usukani Ukitetemeka Njia ya Kismayu

Usukani ulikuwa wa chombo cha bahari kabla ya kuwa wa gari. Katika visiwa vya Wabajuni, Koyama, Chovai au Chula, nahodha akihisi usukani unamgongagonga mkononi halaumu mawimbi peke yake. Hukagua rumada, zile bawaba zinazoushika nyuma ya chombo, kwa kuwa zikilika usukani hucheza hata maji yakitulia. Fundi wa gari Kismayu hukabili tatizo la aina hiyo hiyo, ila vyuma vyake ni vingi zaidi, na mara nyingi kinachong'olewa kwanza ni kile kisicho na kosa.

Hapo ndipo fedha za wenye magari zinapopotea. Gari hutetemeka, hununuliwa shokapu mbili mpya, na kesho yake linatetemeka vile vile. Fundi mzuri haanzi na spana. Huuliza: linatetemeka lini?

Tuchukue dereva aliyetoka Jamame wakati wa mvua. Udongo mweusi wa bonde la mto Juba hunata ndani ya rimu, kisha hukauka ukawa mgumu kama tofali. Gari likienda polepole hahisi kitu. Akifika kilomita 80 au 90 kwa saa usukani unaanza kutikisika, na akizidisha mwendo pengine hutulia. Dalili hiyo huelekeza kwenye balansi ya magurudumu, na hesabu yake inashangaza. Tairi kubwa la Land Cruiser, lenye kipenyo cha sentimita 80 hivi, huzunguka mara 11 kwa sekunde gari likienda kilomita 100 kwa saa. Gramu 50 tu za tope zilizoganda upande mmoja wa rimu, sentimita 20 kutoka katikati, huvuta gurudumu kwa nguvu kama ya mzigo wa karibu kilo tano, na mvuto huo hubadili upande kila gurudumu linapozunguka. Ndiyo maana dawa ya kwanza ni maji na brashi, upande wa ndani wa rimu usisahauliwe. Gari likiendelea kutetemeka baada ya kuoshwa, hutazamwa kama risasi ya balansi imedondoka, kama rimu imepinda, au kama tairi limevimba.

Usukani ukitikisika pale tu breki zinapokanyagwa, hesabu ni nyingine: diski za mbele haziko sawa tena, na kubalansi matairi hakutasaidia.

Kuna mtikisiko wa tatu, na huo ni wa hatari. Gari hupiga shimo moja, kisha magurudumu ya mbele huanza kupigapiga kushoto na kulia kwa nguvu, dereva akashindwa kuushika usukani mpaka apunguze mwendo kabisa. Magari yenye ekseli nzima mbele, kama Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizoanza kutengenezwa 1984, ndiyo yanayojulikana kwa tabia hii. Wengi hukimbilia kufunga dampa mpya ya stelingi. Dampa hupunguza kelele za ugonjwa, lakini ugonjwa wenyewe uko kwenye ncha za tairodi, beringi za kingpini au bushi zilizolika, na kuufunika namna hiyo ni kumwacha dereva na abiria wake hatarini.

Mchanga wa pwani una mkono wake katika uharibifu huo. Kimpira kinachofunika ncha ya tairodi kikichanika, mchanga huingia, hujichanganya na grisi, na kiungo hujisaga chenyewe kama kilichopakwa msasa. Maji ya chumvi humalizia kwa kutu. Gari lililopita ufukweni lioshwe kwa maji baridi chini pia, si bodi peke yake.

Kupima hakuhitaji mashine. Mtu mmoja hukaa ndani, magurudumu yakiwa chini, akachezesha usukani kidogo kulia na kushoto. Mwingine huangalia kila kiungo kutoka nje, gari likiwa limezimwa na kuwekewa vizuizi. Kiungo kinachochelewa kufuata wenzake kimelika. Kisha gari hunyanyuliwa na kuwekewa stendi imara, kamwe si jeki peke yake, na tairi hutikiswa. Likicheza kulia na kushoto, hushukiwa tairodi. Likicheza juu na chini pia, hushukiwa beringi ya gurudumu au kingpini.

Lakini gari linalovuta upande mmoja bila kutetemeka linaweza kuwa zima kabisa. Aliyepunguza upepo ili apite mchangani huenda alisahau tairi moja wakati wa kujaza. Barabara nayo hulala: Somalia huendeshwa kulia, Kenya kushoto, na lami nyingi huinamishwa ukingoni ili maji yateremke. Gari lililokuwa likiteleza kidogo kushoto kabla ya Liboi laweza kuanza kuteleza kulia likishavuka Dhobley, na hakuna kilichovunjika. Hujaribiwa mahali tambarare kabla ya kuguswa nati yoyote.

Tairodi ikishabadilishwa, magurudumu hupangwa upya, hata kwa uzi na futi ikiwa hakuna mashine. Nati yake hukazwa, ikapenyezwa pini mpya ya kuifunga na kukunjwa ncha. Ile kuukuu hutupwa, kwa kuwa iliyokwisha kukunjwa na kunyooshwa hukatika upesi.