Mfunze mtoto kushukuru, naye atajua kustahimili

Hivi majuzi nilialikwa katika shule moja ya msingi inayodhaminiwa na kanisa, kuwatuza wanafunzi waliofanya vyema darasani na katika michezo. Kila mtoto alipofika mbele kupokea daftari na kalamu zake, mwalimu wa zamu alimwinamia na kumnong'oneza, "Sema asante!" Mtoto akasema asante, macho yake yakiwa kwenye zawadi. Mwishoni shule nzima ilisimama na kunishukuru kwa sauti moja, kwa mahadhi yaliyodhihirisha kwamba yalikuwa yamefanyiwa mazoezi juma zima.

Baada ya sherehe nilipita karibu na jiko. Kina mama wawili walikuwa wameinama wakisugua sufuria ambazo ndani yake mtoto wa darasa la kwanza angeweza kujificha. Wanafunzi walikuja mmoja mmoja, wakazitupa sahani zao ndani ya karai na kwenda zao. Sikusikia hata mmoja akisema asante. Hapo hapakuwa na mwalimu wa kunong'ona.

Sisemi haya kwa kuwacheka watoto wale wala walimu wao. Mimi mwenyewe nililelewa vivyo hivyo. Nilisoma katika shule ya misheni magharibi mwa nchi hii, miaka ya themanini ikielekea ukingoni. Kila mwisho wa muhula mwalimu alituandikia ubaoni barua ya kuwashukuru wafadhili wa ng'ambo, nasi tukainakili neno kwa neno. Nakumbuka nilisifiwa kwa mwandiko mzuri. Sikumbuki hata jina moja la mfadhili niliyemwandikia.

Lakini yupo mtu ambaye sikumwandikia kamwe. Nyumbani kwetu palikuwa mbali na shule, na siku za mvua kubwa mto ulipofurika nilichelewa. Adhabu ya wachelewaji ilikuwa kufyeka nyasi wakati wenzao wakila. Mpishi wa shule, mama mmoja mnyamavu, alikuwa akinifunikia sahani ya mahindi na maharagwe nyuma ya jiko. Hakunihubiria. Aliniashiria kwa mkono tu, nikaingia, nikala, nikarudi darasani. Lau si sahani ile, yamkini ningeiacha shule nikiwa darasa la tano.

Nilipohitimu shahada ya uzamifu, watu wengi waliusifu ustahimilivu wangu. Nami nilipoyatafakari maneno yao niliona haya, kwa kuwa nusu ya ustahimilivu huo ilipikwa katika sufuria ya yule mama. Nilifunga safari nikamtafuta, nikampata kwake akiwa mzee, nikamweleza kilichonileta. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, sahani hiyo siikumbuki. Nilikuwa nikiwawekea wengi."

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba shukrani na ustahimilivu si masomo mawili. Ni somo moja. Mtoto anayeyaona yale ambayo wengine wamemtendea hutambua kwamba hajaubeba mzigo wake peke yake, na anayejua kwamba hayuko peke yake hupata nguvu ya kuubeba mbele zaidi.

Lugha yenyewe inatoa ushahidi. Neno asante limetokana na Kiarabu, ahsanta, maana yake umefanya vyema. Kwa hiyo anayesema asante kwa asili ya neno hatangazi hisia zake. Anatoa hukumu juu ya kitendo cha mwenzake, kwamba kitendo hicho ni chema. Wagikuyu nao husema ni wega, yaani ni vyema. Ikiwa hiyo ndiyo maana, basi mtoto asiyekiona kitendo hawezi kushukuru, hata akikariri asante mara mia. Tunamfundisha neno kabla ya kumfundisha kutazama.

Neno stahimili nalo lina mzizi mmoja na himili, hamali na mhimili. Yote yanahusu kubeba: hamali hubeba mizigo, mhimili hubeba jengo. Kustahimili, basi, ni kubeba kitu kizito bila kukitua njiani. Na yeyote aliyewahi kuona mtu akijitwika gunia anajua kwamba aghalabu huhitaji mwingine wa kumsaidia kulinyanyua. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tusiotwikwa huuona mwepesi. Mwalimu anayemwambia mtoto "vumilia" bila kujua uzito wa gunia alilolibeba anatoa ushauri rahisi mno.

Shule za Kikristo zina hazina kubwa katika jambo hili, ila nashuku kwamba hazina yenyewe husomwa kwa haraka. Chukua kisa cha wenye ukoma kumi katika Injili ya Luka, sura ya 17, ambacho karibu kila mwanafunzi wa shule hizi anakijua. Wote kumi walipaza sauti pamoja wakiomba rehema. Wote kumi waliponywa. Aliyerudi kushukuru alikuwa mmoja tu, tena Msamaria, mtu wa watu waliodharauliwa. Wala hakuwa ameagizwa kurudi. Alirudi baada ya kuona kwamba amepona. Ombi lilikuwa la kwaya, bali shukrani ilikuwa ya mtu mmoja mwenye macho. Je, katika gwaride zetu za asubuhi tunawafunza watoto mfano wa yule mmoja, au tunaiimarisha kwaya tu?

Hapa sina budi kutoa tahadhari, maana maneno haya mawili, shukuru na vumilia, yamewahi kutumiwa kama vifuniko vya sufuria inayochemka. Mtoto akilalamika kwamba maharagwe yana wadudu, huambiwa ashukuru, kwani wapo wanaolala njaa. Akisema kwamba mwanafunzi mkubwa humnyang'anya vitu bwenini, huambiwa avumilie, kwani mvumilivu hula mbivu. Nchini Kenya adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakazia marufuku hayo. Pamoja na hayo, bado wapo wanaomwambia mtoto aliyepigwa kwamba siku moja atamshukuru aliyempiga. Hiyo si shukrani. Ni kumfunza aliyeumizwa kuilinda heshima ya aliyemuumiza.

Biblia yenyewe haifanyi hivyo. Ayubu, ambaye saburi yake imekuwa methali, ana kitabu cha sura 42, na sehemu kubwa ya sura hizo ni malalamiko na mabishano ya mtu anayedai haki yake mbele za Mungu. Zaburi nazo zimejaa maombolezo sambamba na shukrani. Mtoto afahamishwe wazi kwamba yapo magumu ya kustahimiliwa, kama vile hesabu isiyokubali, mbio za masafa marefu, ama umaskini ambao wazazi wanajitahidi kuushinda. Na yapo maovu ya kuripotiwa siku hiyo hiyo. Shule isiyotofautisha mambo haya mawili huzaa watoto wanyonge au waasi, kisha hushangaa walikotoka.

Sasa tufanyeje? Mtaala wa umilisi umetaja maadili yake ya msingi kuwa upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Shukrani na ustahimilivu havikutajwa kwa majina, lakini sioni jinsi mtu atakavyopata heshima bila shukrani, au uwajibikaji bila ustahimilivu. Nina mapendekezo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha.

La kwanza, asante isiachwe peke yake. Mtoto azoezwe kuikamilisha: asante kwa nini? "Asante, Mama, kwa kuamka alfajiri kutupikia uji." Sentensi hiyo haiwezi kutamkwa na mtu asiyejua kwamba uji huanza kupikwa alfajiri. Itambidi atazame kwanza, au aulize. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuligeuza jambo hili kuwa insha: mwanafunzi amhoji bawabu, mpishi au mfagizi wa shule, aandike kazi yake ya siku nzima, kisha amsomee mhusika mwenyewe. Insha kama hiyo ina thamani kuliko barua mia moja zilizonakiliwa ubaoni.

La pili linahusu sarufi. Lugha yetu ina kiambishi -ja- ambacho wanafunzi hukikariri kwa ajili ya mtihani na kukisahau. Siwezi na sijaweza hayana maana moja. Siwezi hufunga mlango. Sijaweza huuacha wazi. Asemaye sijaelewa ametoa ahadi kwamba kuelewa kunakuja. Mwalimu na afanye desturi hii darasani mwake: mtoto akisema siwezi, asimkemee, bali amrejeshee sentensi yake ikiwa na kiambishi hicho, kisha akae naye hatua moja zaidi. Nasisitiza kukaa naye. Kubadilisha kitenzi bila kumsaidia mtoto ni mapambo ya maneno tu.

La tatu, walimu tuanze sisi. Ni lini mara ya mwisho mwalimu alimwambia mwanafunzi asante kwa swali zuri lililomfanya akalitafute jibu usiku? Ni lini alikiri mbele ya darasa kwamba jambo fulani lilimshinda mara tatu kabla ya kulipata? Najua mwalimu mwenyewe aghalabu hashukuriwi na yeyote, na madarasa ni makubwa. Hata hivyo mtoto hujifunza mwenendo kwa kuuona. Akimwona mwalimu anampita bawabu bila salamu, hata mahubiri ya mwaka mzima hayatamfaa kitu.

Mfano uliotikisa dunia tunao hapa hapa nyumbani. Mnamo Januari 2004, Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, akiwa na umri wa miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo mjini Eldoret, mwaka mmoja baada ya elimu ya msingi kufanywa kuwa ya bure. Alivaa sare na kaptura, akaketi na watoto wa rika la vitukuu vyake. Miongoni mwa sababu alizotoa ni kwamba alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Mwaka 2005 alisafiri hadi New York kuzungumza juu ya elimu katika Umoja wa Mataifa. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilimtoa kwake zikampeleka kambini, lakini hakuacha kusoma. Alifariki Agosti 2009.

Wengi humtaja Maruge kama mfano wa ustahimilivu, na ni kweli. Mimi naona pia shukrani. Elimu ya bure ilikuwa imetangazwa kwa ajili ya watoto; yeye aliuona mlango ambao wengine walioupita kila asubuhi hawakuuona, akaithamini zawadi hiyo kwa kuitumia. Mtoto anayeketi leo kwenye dawati lake na kuliona kuwa jambo la kawaida anaweza kusimuliwa habari za mzee huyo, si kwa kuaibishwa, bali ili alitazame dawati upya.

Shule ya Upili ya Mang'u, iliyoanzishwa na wamishonari Wakatoliki huko Kabaa mwaka 1925, ina wito wa Kiswahili: Jishinde Ushinde. Ni maneno mawili tu, lakini yana siri. Katika lugha yetu kushinda ni kupata ushindi, na pia ni kukaa mahali kutwa nzima. Anayeshinda na kazi yake ndiye anayeishinda. Nami naongeza kwamba asingeweza kushinda nayo kutwa nzima lau hakuna aliyempikia.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu, kesho watoto watakaporudisha sahani jikoni, simama karibu na lile karai. Usiwanong'oneze neno. Waambie tu jina la mama anayesugua sufuria, na saa aliyoamka. Neno asante litakuja lenyewe. Na siku mmoja wao atakapotwikwa gunia zito maishani, atakumbuka kwamba yuko aliyemsaidia kulinyanyua.